Charles Steinmetz: mkimbizi aliyewarahisishia mafundi hesabu ya umeme

Ukisimama chini ya nguzo yenye transfoma kijijini kwenu na kutazama kibao kilichobandikwa ubavuni mwake, huenda ukasoma 50 kVA au 100 kVA. Jenereta ya kanisani au ya msikitini nayo imeandikwa kVA. Lakini pasi, balbu na mota ya mashine ya kusaga zimeandikwa wati au kilowati. Kwa nini umeme uleule una vipimo viwili? Na kwa nini jenereta ya 5 kVA haiwezi kila mara kubeba mzigo wa kilowati 5?

Swali hili linawagusa wenye mashine za kusaga, wenye saluni, wachomeleaji na kila anayenunua inveta ya sola. Katika makala haya tunalijibu kwa kusimulia maisha ya mtu aliyeifanya hesabu yake iwe nyepesi kiasi cha kufundishwa darasani. Jina lake ni Charles Proteus Steinmetz. Alifariki dunia mwaka 1923, na nusura umeme usipate kabisa huduma yake, kwa sababu bandarini alikoingia Marekani walitaka kumrudisha alikotoka.

Mtoto wa Breslau

Steinmetz alizaliwa tarehe 9 Aprili 1865 katika mji wa Breslau, uliokuwa wakati huo sehemu ya Prussia. Leo mji huo unaitwa Wrocław na uko Poland. Wazazi wake walimpa jina la Karl August Rudolph. Baba yake alikuwa mchapaji katika ofisi za reli. Mama yake alifariki mtoto akiwa na umri wa mwaka mmoja hivi, na bibi yake akawa ndiye mlezi.

Mtoto alizaliwa na kibiongo na nyonga zisizokaa sawa, kama baba yake na babu yake walivyokuwa. Hata alipokuwa mtu mzima, urefu wake ulikuwa kama futi 4 tu. Alitembea kwa shida. Darasani, hata hivyo, walimu wake waliona mapema kwamba hesabu kwake ni kama mchezo.

Mwaka 1883 alijiunga na Chuo Kikuu cha Breslau kusoma hisabati na fizikia. Wanafunzi wenzake wakampa jina la utani, Proteus. Katika hadithi za Wagiriki wa kale, Proteus ni mzee wa baharini anayejua mambo mengi na anayeweza kujigeuza umbo lolote. Steinmetz alilipenda jina hilo, na baadaye akalifanya kuwa jina lake rasmi la katikati.

Chuoni aliingia pia katika siasa. Serikali ya Kansela Bismarck ilikuwa imepitisha sheria za kuwabana wasoshalisti, na Steinmetz alikuwa mmoja wao. Alisaidia kuhariri gazeti lao. Polisi wakaanza kumfuatilia. Mwaka 1888, akiwa karibu kabisa kumaliza tasnifu ya udaktari, aliona kwamba akibaki atakamatwa. Akaondoka kwa siri na kuvuka mpaka kwenda Uswisi. Shahada aliyoihangaikia kwa miaka mitano aliiacha nyuma.

Bandarini New York

Huko Zurich alisoma uhandisi wa mitambo kwa muda mfupi. Aliishi chumba kimoja na rafiki yake Oscar Asmussen, kijana mwenye asili ya Denmark aliyekuwa amewahi kuishi Marekani. Asmussen alipoamua kurudi Marekani, alimshawishi Steinmetz waende pamoja. Wakapanda meli, daraja la chini kabisa, na mwaka 1889 wakafika New York.

Maofisa wa uhamiaji walimtazama kijana huyu mfupi mwenye kibiongo. Hakuwa na fedha, hakuwa na kazi, na Kiingereza chake kilikuwa cha kubabaisha. Kwa macho yao alikuwa mtu atakayekuwa mzigo kwa nchi, na walikusudia kumrudisha. Asmussen ndiye aliyemsimamia. Aliwaeleza kwamba huyu ni mwanahisabati wa hali ya juu, akaonyesha fedha alizokuwa nazo, akaahidi kumtunza. Steinmetz akaruhusiwa kupita. Tangu hapo akajiita Charles.

Baada ya kubisha hodi sehemu kadhaa, alipata kazi ya uchoraji wa ramani za mitambo katika kiwanda cha Rudolf Eickemeyer, huko Yonkers, karibu na jiji la New York. Eickemeyer naye alikuwa mhamiaji kutoka Ujerumani. Kiwanda chake kilijulikana kwa mashine za kutengenezea kofia, lakini wakati huo kilikuwa kimeanza kuunda mota za umeme. Hapo ndipo Steinmetz alipokutana na tatizo lake la kwanza kubwa.

Chuma kinachochemka bure

Umeme unaoletwa na nyaya za nguzo hugeuza mwelekeo wake kila mara. Mafundi huuita AC. Kwetu hukamilisha mizunguko 50 ya kwenda na kurudi katika kila sekunde. Ndani ya mota au transfoma, chuma kilichozungushiwa nyaya hulazimika kugeuza sumaku yake kwa kasi hiyohiyo. Chuma hakipendi kugeuzwa hivyo. Huchelewa kidogo nyuma ya umeme, na katika kuvutana huko hupata joto. Joto hilo ni umeme uliolipiwa ambao haukusaga hata punje moja ya mahindi.

Katika miaka ya 1880 watengenezaji wengi wa mota walifanya kazi kwa kubahatisha. Waliunda mashine, wakaiwasha, wakaona inachemka kiasi gani, kisha wakaibomoa na kuanza upya. Steinmetz alikusanya vipimo vingi vya aina mbalimbali za chuma, vingine vya wenzake na vingine alivyopima mwenyewe, akatafuta kanuni inayoviunganisha. Akaipata. Januari 1892 aliiwasilisha mbele ya chama cha wahandisi wa umeme cha Marekani. Kwa kanuni hiyo, ukizidisha nguvu ya sumaku ndani ya chuma mara mbili, hasara ya joto haizidi mara mbili. Huzidi kama mara tatu. Sasa mhandisi aliweza kujua kwenye karatasi ni chuma kiasi gani anahitaji kabla hajanunua hata kilo moja.

Kampuni ya General Electric, iliyokuwa imeundwa mwaka huohuo wa 1892, ilikinunua kiwanda cha Eickemeyer na kumchukua Steinmetz pamoja nacho. Mwaka 1894 alihamia makao ya kampuni hiyo katika mji wa Schenectady, jimbo la New York. Aliishi huko maisha yake yote yaliyobaki.

Bembea chini ya mwembe

Tatizo lake la pili ndilo linalotuhusu zaidi. Ili tulielewe, tufikirie mtoto anayecheza bembea chini ya mwembe.

Ukimsukuma wakati anakwenda mbele, nguvu yako yote inaingia kwenye mwendo wa bembea. Ukichelewa, ukasukuma wakati yeye anarudi kwako, bembea inakurudisha nyuma na jasho lako linapotea. Ukisukuma nusu kwa wakati na nusu kwa kuchelewa, utachoka kama mtu aliyefanya kazi yote, lakini bembea itapata sehemu tu.

Umeme wa AC uko hivyohivyo. Volteji ndiyo msukumo. Mkondo, unaopimwa kwa ampea, ndio mwendo wa umeme ndani ya waya. Kwenye pasi au jiko la koili, viwili hivi huenda pamoja na umeme wote unafanya kazi. Kwenye mota ni tofauti, kwa sababu koili zake lazima zijenge sumaku kwanza, na mkondo huchelewa nyuma ya volteji. Matokeo yake, katika sehemu ya kila mzunguko umeme huenda kwenye mota, na katika sehemu nyingine mota huurudisha kwenye laini. Umeme huo unaokwenda na kurudi hausagi unga, lakini umepita kwenye nyaya, umezipasha joto, na umechukua nafasi kwenye transfoma.

Wahandisi wa wakati ule walilijua jambo hili. Kazi ilikuwa kulihesabu. Walilazimika kulifuatilia wimbi la umeme nukta kwa nukta kwa hisabati ngumu, na laini moja yenye mota chache ingeweza kujaza kurasa nyingi.

Kamba ya fundi ujenzi

Mwaka 1893, katika mkutano wa kimataifa wa umeme uliofanyika Chicago, Steinmetz alionyesha njia fupi. Mwaka huohuo mhandisi mwingine, Arthur Kennelly, alikuwa pia amewaonyesha wenzake matumizi ya njia hiyo. Wanahisabati wanaiita namba changamano. Jina linatisha, lakini fundi yeyote wa kujenga nyumba ameshika wazo lake mkononi.

Fundi anapotaka kona ya nyumba iwe mraba, hupima mita 3 upande mmoja na mita 4 upande wa pili. Kisha huvuta kamba kukatisha kati ya ncha hizo mbili. Kamba ikitoa mita 5 kamili, kona iko sawa. Hakuna anayeshangaa kwamba 3 na 4 hapa hazikutoa 7.

Steinmetz aliuhesabu umeme kwa namna hiyo. Upande wa mita 4 ni umeme unaofanya kazi, yaani kilowati 4. Upande wa mita 3 ni ule unaokwenda na kurudi. Kamba ya mita 5 ni mzigo wote ambao waya na transfoma vinabeba, yaani 5 kVA. Gawanya 4 kwa 5 utapata 0.8. Namba hiyo ndiyo mafundi wanayoiita pawa fakta. Ikiwa 1, umeme wote unafanya kazi. Ikishuka, sehemu kubwa zaidi ya safari ni ya bure.

Hapo ndipo tunapata jibu la swali tulilolianza. Mtengenezaji wa transfoma hajui utafunga mzigo wa aina gani, kwa hiyo anaandika urefu wa kamba, kVA. Mtengenezaji wa pasi anajua kifaa chake kinafanya kazi gani, kwa hiyo anaandika wati. Transfoma ya 50 kVA ikilisha mizigo yenye pawa fakta ya 0.8, inatoa kilowati 40 za kazi. Pawa fakta ikishuka hadi 0.6, inatoa 30 tu. Kijiji kimepoteza nafasi ya mashine nzima ya kusaga ya kilowati 10, na nguzo ni zilezile.

Nyaya nazo zinaumia. Ili kufanya kazi ileile kwa pawa fakta ya 0.6, waya hubeba ampea zaidi kwa theluthi mbili kuliko kama ingekuwa 1. Na kwa kuwa joto la waya hukua kwa mraba wa ampea, hasara njiani hukaribia mara tatu. Anayeishi mwisho wa laini ndiye anayeona taa zake zikififia mashine zinapoanza kunguruma.

Dawa ya tatizo la mota ilijulikana pia, nayo ni kapasita. Hiki ni kifaa ambacho tabia yake ni kinyume cha koili: koili inapotaka kupokea, kapasita inataka kutoa. Ukizifunga karibu karibu, zinakopeshana zenyewe kwa zenyewe, kama majirani wanaokopeshana chumvi badala ya kila mmoja kupanda basi kwenda kununua mjini. Laini ndefu hadi kituo cha umeme inabaki kubeba umeme wa kazi tu. Kwa hesabu ya Steinmetz, mhandisi anaweza kujua kwa mistari michache tu kapasita ya ukubwa gani inahitajika.

Mwalimu asiyechoka

Mwanzoni wahandisi wengi hawakumwelewa. Steinmetz akaamua kuwafundisha. Mwaka 1897, akisaidiana na Ernst Berg, alitoa kitabu kikubwa kuhusu nadharia na hesabu za umeme wa AC. Kuanzia mwaka 1902 alifundisha uhandisi wa umeme katika chuo cha Union, hapohapo Schenectady, huku akiendelea na kazi ya kampuni. Alikuwa rais wa chama cha wahandisi wa umeme cha Marekani mwaka 1901 hadi 1902. Mwanafunzi aliyekimbia bila shahada alipewa shahada ya heshima na Harvard mwaka 1902, na mwaka uliofuata chuo cha Union kikampa udaktari.

Hakuoa. Hakutaka kuwarithisha watoto maumbile yaliyomtesa yeye, baba yake na babu yake. Lakini alipenda sana kuwa na familia. Msaidizi wake wa maabara, Joseph Hayden, alipooa, Steinmetz aliwakaribisha yeye na mkewe Corinne wahamie kwenye nyumba yake kubwa. Mwanzo ulikuwa mgumu kidogo, kwa sababu mwenye nyumba alizoea kuzama maabara na kusahau chakula, na Corinne alitaka watu wakae mezani chakula kikiwa cha moto. Mwishowe utaratibu wa Corinne ulishinda. Steinmetz alimfanya Hayden kuwa mwanawe kisheria, na watoto watatu wa Hayden wakawa wajukuu wake. Waliishi pamoja hadi alipofariki, katika nyumba iliyojaa mimea ya jangwani na wanyama ambao majirani waliwaogopa, wakiwemo aligeta.

Siasa hakuiacha. Msoshalisti mmoja aliposhinda umeya wa Schenectady mwaka 1911, Steinmetz alikubali kuongoza bodi ya elimu ya mji. Katika kipindi chake wanafunzi walipata vitabu vya bure, chakula shuleni na wauguzi wa shule, na yakaanzishwa madarasa maalumu kwa watoto wa wahamiaji. Yeye mwenyewe alikuwa ameingia nchi hiyo akiwa mhamiaji asiyejua lugha.

Radi ya kutengenezwa

Mwaka 1920 radi ilipiga kibanda chake cha mapumziko kando ya mto Mohawk. Ilivunja kioo cha kujitazamia vipandevipande. Steinmetz alikusanya vipande vile na kuviunganisha upya ili asome njia ambayo radi ilipita juu ya kioo.

Udadisi huo ulikuwa na kazi. Radi ilikuwa ikiunguza transfoma na kuzima miji, na kampuni ilihitaji vifaa vya kuikinga. Kwa kuwa huwezi kuiagiza radi ije siku unayotaka, Steinmetz aliitengeneza maabara. Mwaka 1922 alionyesha hadharani mtambo wake uliotoa cheche ya volti 120,000 na kupasua vipande vya mbao. Thomas Edison alikwenda kuutembelea mwaka huohuo. Vifaa vya kukinga radi unavyoviona leo juu ya nguzo za transfoma ni vya ukoo wa kazi hiyo.

Mwezi Oktoba 1923 alirudi nyumbani kutoka safari ndefu ya mihadhara magharibi mwa Marekani, akiwa amefuatana na familia ya Hayden. Alikuwa amechoka. Tarehe 26 Oktoba alifariki dunia, akiwa na umri wa miaka 58. Hataza zake zilikuwa kama 200. Kibanda chake cha mto Mohawk kilihamishwa baadaye na kuwekwa katika makumbusho ya Henry Ford huko Michigan, ambako kipo hadi leo.

Tatizo jipya ndani ya chaja

Steinmetz aliishi katika enzi ya mota. Sisi tunaishi katika enzi ya simu, televisheni, taa za LED na kompyuta. Vifaa hivi havitumii AC moja kwa moja. Vinahitaji DC, umeme usiogeuka mwelekeo, kama ule wa betri. Kifaa cha kubadilisha AC kuwa DC kinaitwa rektifaya. Hata Steinmetz alizifanyia kazi rektifaya za wakati wake, zile chupa kubwa za kioo zenye zebaki, zilizotumika kulisha taa za barabarani.

Rektifaya rahisi ya leo ina tabia mbaya. Inajaza kapasita yake wakati tu volteji inapofika kileleni mwa wimbi, kisha inanyamaza hadi kilele kijacho. Fikiria bomba la kijiji lililo wazi kutwa nzima, lakini watu wote wanakuja na ndoo zao saa sita kamili mchana. Maji ya siku nzima yangetosha kupita kwenye bomba jembamba, lakini kwa foleni ile utahitaji bomba nene. Rektifaya ya namna hiyo inaweza kuwa na pawa fakta ya karibu 0.6.

Hapa kapasita ya kwenye mota haisaidii. Mkondo wa mota umechelewa tu, lakini umbo lake bado ni wimbi zuri. Mkondo wa rektifaya umeharibika umbo lenyewe. Steinmetz alilijua tatizo la mawimbi yaliyoharibika. Kitabu chake cha 1897 kina sura zinazolieleza. Ila dawa yake ndani ya kifaa kidogo ilisubiri hadi zilipopatikana swichi za elektroniki zenye kasi kubwa.

Dawa hiyo ni rektifaya inayorekebisha pawa fakta. Kati ya umeme wa ukutani na kapasita huwekwa koili ndogo na swichi ya elektroniki. Swichi hufunguka na kufungika makumi ya maelfu ya mara kila sekunde. Inapofungika, koili inavuta umeme kidogo na kuuweka katika sumaku yake. Inapofunguka, koili inausukuma umeme huo mbele kwenye kapasita. Kidude cha kuongoza hutazama wimbi la volteji na kuipimia swichi muda: volteji ikiwa ndogo, vuta kidogo, ikipanda, vuta zaidi. Kifaa hakingoji tena kilele. Kinachota kutwa nzima, kidogo kidogo, sawasawa na wimbi, na pawa fakta hupanda hadi karibu 1. Kanuni ya kimataifa iitwayo IEC 61000-3-2 inaweka mipaka ya uharibifu wa wimbi ambao vifaa vya umeme vinaruhusiwa kusababisha, na ndiyo sababu vifaa vingi vizuri vya wati nyingi vina mpangilio huu ndani.

Tahadhari moja: koili hiyo hupandisha volteji, na kapasita ya ndani huwa na kama volti 400 za DC. Huweza kubaki na umeme hata baada ya kuchomoa plagi. Usifungue kifaa cha namna hiyo kama wewe si fundi.

Faida kwa mfuko wako

Hesabu ya Steinmetz inaweza kukuokolea fedha. Kwanza, madukani na barabarani huuzwa vidude vya kuchomeka ukutani vinavyodaiwa kupunguza matumizi ya umeme nyumbani. Vingi ndani yake vina kapasita tu. Mteja wa nyumbani anayenunua yuniti za LUKU au tokeni analipia kilowati kwa saa, yaani ule upande wa mita 4 wa kazi. Kapasita hupunguza upande wa mita 3, ambao mita yako haikudai. Yuniti zako zitaisha kama kawaida, na fedha ya kidude imekwenda.

Pili, kwa wateja wakubwa kama viwanda mambo ni mengine. Tanzania na Kenya, wao hutozwa pia kwa kiwango cha juu cha kVA walichovuta ndani ya mwezi. Kwao kapasita zilizopimwa na mhandisi ni akiba halisi.

Tatu, kama una mashine ya kusaga, usinunue mota kubwa kupita kiasi ukidhani ni sifa. Mota kubwa inayozunguka na mzigo mdogo ina pawa fakta mbovu, na inawabania majirani wa laini moja nafasi ya transfoma. Usiiache ikizunguka tupu.

Nne, unaponunua inveta au jenereta, soma kVA na kilowati zote mbili. Inveta ya 1 kVA yenye pawa fakta ya 0.8 ni ya wati 800, hata kama muuzaji anasema ni ya 1,000. Na kwa mzigo wenye mota, kama friji au pampu, ongeza nafasi, kwa sababu mota inapowaka huvuta mara kadhaa ya ampea zake za kawaida.

Muuzaji akishindwa kukuonyesha namba hizo mbili kwenye kibao, shika fedha zako na uende duka jingine.